Aliyejifungua Hafungwi



Kwetu Waswahili mwanamke akizaa, twasema amejifungua. Neno hilo nililitamka miaka mingi bila kulitafakari, mpaka siku moja mwaka 1999 niliposimama kwenye lango la hospitali moja, ambayo sitaitaja, nikimsubiri wifi yangu. Alikuwa amejifungua salama Jumanne, mtoto wa kike. Alhamisi daktari akampa ruhusa. Hilo nalo ni neno la kuliangalia: mgonjwa akipona, twasema amepewa ruhusa. Basi wifi alipewa ruhusa Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata bado alikuwa ndani.

Nilimwona kupitia vyuma vya lango. Alikuwa ameketi barazani na wanawake wengine wanne, kila mmoja na kichanga chake ndani ya leso, na maziwa yamemlowesha kifuani maana mtoto alikuwa amelala muda mrefu. Wote watano walikuwa wamejifungua, na wote watano walikuwa wamefungiwa. Bawabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyevaa sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni, na kazi aliyopewa ilikuwa kudai kijikaratasi. Kijikaratasi kile hakitoki kwa daktari. Hutoka kwa mhasibu, nacho kina mhuri. Bila mhuri, hata daktari aje mwenyewe aseme mama huyu mzima, aende kwake, lango halifunguliwi. Kaka yangu aliuza baiskeli, akakopa kwa mwenye duka, nami nikaongeza nilichokuwa nacho, na mnamo saa kumi za alasiri tukakipata. Kilikuwa kimeandikwa kwa wino wa buluu: "Mama 1, mtoto 1." Vile magunia yanavyoandikwa yakitoka ghalani.

Nimeombwa nizungumze juu ya sheria zinazolinda njia ya mwanamke kwenda kwenye kliniki na hospitali za uzazi. Mada hii ikitajwa, watu huwaza jinsi ya kuingia: umbali, ada, foleni. Mimi leo nataka tuutazame mlango kutoka ndani. Mwanamke aliyeona jirani yake akizuiliwa wiki tatu kwa ajili ya deni hatangoja kuambiwa na yeyote. Uchungu ukimshika, ataita bibi wa mtaani mwenye wembe na uzi, atajifungulia jikoni, na damu ikizidi atakufa hapohapo, hatua mia nane kutoka kwenye kituo cha afya. Sheria inayolinda kuingia peke yake haijamlinda. Lazima ilinde na kutoka.

Kesi iliyonifunza hili kuliko zote ilitoka Pumwani. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, mashariki ya jiji la Nairobi, ilianzishwa mwaka 1926, na Wakenya wasiohesabika wamezaliwa pale. Ni hospitali ya watu wa kipato cha chini, ya akina mama wa Eastleigh, Majengo, Kariobangi na Mathare. Mwaka 2010, ule ule tuliopata Katiba mpya, mwanamke mmoja alijifungua pale mwezi wa Septemba. Alidaiwa takriban shilingi 12,000, naye hakuwa nazo. Hakuachwa aondoke. Alikaa zaidi ya wiki tatu na kichanga chake, akilala sakafuni karibu na choo kilichofurika, hadi akaugua kifua. Alitoka kwa sababu Meya wa Nairobi wa wakati huo alizuru hospitali na akaamuru akina mama wale waachiliwe. Hebu zingatieni hapo. Uhuru wa raia asiye na kosa ulitegemea kama meya atapita siku hiyo au hatapita.

Mwanamke wa pili katika kesi hiyo alipasuliwa palepale Pumwani mwaka huohuo, naye akazuiliwa kwa deni. Miaka kumi na tisa nyuma, mwaka 1991, alikuwa amepasuliwa katika hospitali hiyohiyo, na mkasi ukasahauliwa tumboni mwake. Mtu anaweza kuuliza kwa nini alirudi. Alirudi kwa sababu maskini hachagui mlango. Huenda kwenye ule ulioko.

Wanawake hawa wawili walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu. Alisema kuwazuilia kulikuwa kinyume cha Katiba: kuliwavunjia uhuru wao, utu wao, haki yao ya afya, na haki ya kutobaguliwa. Mama wa kwanza alipewa fidia ya shilingi 1,500,000, wa pili shilingi 500,000. Jaji hakuishia kwenye fedha. Aliiagiza serikali iweke taratibu za kuwalinda wagonjwa wasizuiliwe, na utaratibu unaoeleweka wa kuwasamehe malipo wasioweza kulipa.

Mara nyingi nimesikia wasimamizi wa hospitali wakilalamika juu ya hukumu hii, na sitaki kuwapuuza. Glavu hununuliwa. Damu hupimwa kwa vifaa vinavyonunuliwa. Mkunga wa zamu ya usiku ana watoto wanaosubiri karo. Hospitali ikiacha kila mtu aondoke bila kulipa, mwisho wake hata pamba haitakuwepo. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini deni lina njia zake katika nchi yenye sheria. Mwenye duka aliyekopesha unga humdai mteja wake, humpeleka kwa mzee wa mtaa, humshtaki mahakamani akitaka. Hana ruhusa ya kumfungia mke wa mdaiwa stoo hadi pesa zije. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imekuwa mwanachama wake tangu 1972, inasema mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Sisi tuna neno zuri kwa mali inayozuiliwa hadi deni lilipwe: rehani. Huweka rehani shamba, pete, hata pikipiki. Binadamu hawekwi rehani, seuze mtoto mchanga ambaye hajawahi kukopa chochote.

Tena tusidhani Pumwani ilikuwa peke yake. Mwaka 2007 Shirikisho la Mawakili Wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na Kituo cha Haki za Uzazi cha New York, walichapisha ripoti iliyokusanya ushahidi wa wanawake juu ya kuzuiliwa, kutukanwa na kupuuzwa katika hospitali zetu za uzazi. Mwaka 2009 FIDA ikapeleka malalamiko kwenye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na Tume ikafanya uchunguzi wa hadhara ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2012. Aliyekuwa na masikio alikwisha sikia kabla ya hukumu ya Pumwani.

Katiba yenyewe inasemaje? Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inaitaja huduma ya afya ya uzazi kwa jina. Inaongeza kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 28 inalinda utu wake, ya 29 uhuru wake, ya 31 siri zake. Ibara ya 21 inailazimisha serikali iheshimu, ilinde na itimize haki hizo, na maneno hayo matatu si mapambo. Kuheshimu ni serikali yenyewe kutomfungia mama. Kulinda ni kuzuia wengine wasimfungie. Kutimiza ni kuhakikisha kituo kipo, kina mkunga, na mkunga ana mwanga wa kuonea saa nane za usiku. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja ikasema serikali ya taifa na za kaunti zitahakikisha huduma ya uzazi inatolewa bure.

Sasa niwavukishe bahari kidogo, maana liko taifa lililoandika sheria mahususi kwa ajili ya mlango wa kliniki, nasi tunaweza kujifunza kwake mazuri na mabaya.

Nchini Marekani mlango ulizibwa kwa nje. Kuanzia miaka ya 1980 watu waliopinga utoaji mimba walikwenda kwa mamia kwenye kliniki, wakaketi mbele ya milango, wakajifunga kwa minyororo, wakaingiza gundi ndani ya makufuli. Katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, kiangazi cha 1991, polisi waliwakamata watu zaidi ya mara 2,600. Waliozuiwa hawakuwa tu wale waliokwenda kutoa mimba. Kliniki ileile hupima saratani ya mlango wa kizazi, hutoa dawa za kupanga uzazi, hutibu magonjwa ya zinaa, na mwanamke aliyekuja kwa hayo alikuta ukuta wa watu. Wenye kliniki walijaribu kutumia sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa dhidi ya magaidi wa Ku Klux Klan, lakini Januari 1993 Mahakama ya Juu ilisema sheria hiyo haiwafai. Tarehe 10 Machi mwaka huo, daktari David Gunn alipigwa risasi mgongoni nje ya kliniki huko Pensacola, Florida, akafa.

Ndipo Bunge la Marekani likatunga Sheria ya Uhuru wa Kufika kwenye Milango ya Kliniki, na Rais Bill Clinton akaitia saini tarehe 26 Mei 1994. Ni sheria fupi. Inamkataza mtu kutumia nguvu, vitisho au kuziba njia kwa mwili wake ili kumzuia mwingine kupata au kutoa huduma ya afya ya uzazi. Haigusi maombi, nyimbo wala mabango. Anayepinga ana haki ya kusimama kando ya barabara na kusema alilo nalo. Tena inalinda pande zote: vituo vinavyowashauri wajawazito wasitoe mimba vimo humo, na nyumba za ibada zimo humo. Hapo ndipo ninapoivulia sheria hii kofia. Haikuuliza unaamini nini juu ya mimba. Iliuliza kama umemwacha mwenzako apite.

Udhaifu wake nao niutaje. Desemba mwaka huohuo wa 1994, wapokezi wawili wa kliniki waliuawa kwa risasi huko Brookline, Massachusetts. Sheria haikuwa ngao ya chuma. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikaondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na katika majimbo mengi kliniki zikafungwa. Sheria ya mlango ikabaki, lakini mahali pengine nyuma ya mlango hapakuwa na mtu tena. Na Januari 2025 Rais Donald Trump aliwasamehe watu 23 waliokuwa wametiwa hatiani chini ya sheria hiyo, na Wizara ya Sheria ikaelekeza itumike kwa nadra sana. Uingereza imepita njia tofauti: tangu 31 Oktoba 2024, ndani ya mita 150 kutoka kliniki zinazotoa huduma ya utoaji mimba huko England na Wales, ni kosa kumsumbua au kumshawishi mtu anayeingia. Wamarekani walichora mstari kwenye kizingiti, Waingereza wakausogeza hadi barabarani.

Sisi hatukuwa na umati wa kuziba milango. Kwetu mlango umezibwa na mhasibu, na umbali, na mara nyingine na polisi. Ndiyo maana siwezi kuichukua sheria ya Marekani nikaipachika Kilifi. Ninachokichukua ni swali lake: je, mtu huyu ameachwa apite?

Tumejaribu kulijibu kwa fedha. Tarehe 1 Juni 2013, Siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Baadaye mpango ukaitwa Linda Mama, na watu wakaupenda. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinaonyesha safari yetu: mwaka 2008-09 watoto 43 kati ya 100 walizaliwa katika kituo cha afya, mwaka 2014 wakawa 61, mwaka 2022 wakawa 82. Mambo mengi yalichangia, barabara na simu na mafunzo, lakini hakuna anayefanya kazi wodini atakayekuambia kuwa kuondoa ada hakukuwa na nguvu. Wanawake walikuwa nje ya lango wakisubiri lifunguliwe.

Halafu lilipofunguliwa, wengine walikuta nini ndani? Tarehe 8 Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo, mwanamke mmoja alikwenda hospitali ya rufaa ya Bungoma kujifungua. Aliambiwa anunue pamba mwenyewe, anunue na dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipomkolea hapakuwa na mtu wa kumshughulikia. Alijikokota kuelekea chumba cha kujifungulia, vitanda vimejaa, akaanguka, akajifungulia sakafuni, ukumbini, bila fahamu. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu, kisha wakamwamuru ajiinue, aende kwa miguu yake. Mtu alikuwa na simu akapiga picha za video. Bila simu ile, nani angemwamini?

Tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni alimpa fidia ya shilingi 2,500,000 na kusema kwamba utu wake na haki yake ya afya vilivunjwa, na kwamba serikali ya taifa na ya kaunti zilikuwa zimeshindwa kuweka vifaa, watu na usimamizi wa kuitekeleza ahadi yao. Mimi huwaomba wanafunzi wangu waisome hukumu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza wasome kama wanasheria. Mara ya pili wasome kama wauguzi, kwa sababu wauguzi wale nao walikuwa wametupwa kwenye wodi isiyotosha, na tangazo la bure likawaletea wagonjwa bila kuwaletea vitanda. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumpiga kofi mwanamke aliyelala katika damu yake. Lakini hukumu ikimlaumu muuguzi pekee ikamwacha aliyepanga bajeti, sakafu ile itapata mwanamke mwingine.

Naja sasa kwenye jambo gumu, na naomba tusikilizane. Ganze iko hapahapa Pwani, si mbali. Mwaka 2019 msichana wa shule wa miaka 16 alipatwa na maumivu makali na kutokwa na damu, mimba ikiwa imeharibika, akapelekwa kwenye kliniki. Tabibu akampima na kumtibu. Bado matibabu yanaendelea, polisi wakaingia. Walimkamata msichana na tabibu pia, wakachukua rekodi za matibabu, wakamlazimisha msichana kutia saini maelezo asiyoyataka. Tabibu alikaa rumande wiki moja. Msichana alikaa mahabusu ya watoto zaidi ya mwezi, familia ikitafuta dhamana. Mashtaka yalitoka kwenye Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni: vifungu vya 158 hadi 160, miaka 14 kwa anayemtoa mwingine mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Lakini Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha sema lake. Ibara ya 26 inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na inakataza utoaji mimba. Kisha inaacha nafasi pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Tarehe 24 Machi 2022, katika Mahakama Kuu ya Malindi, Jaji Reuben Nyakundi alifuta mashtaka yale, akasema kuwakamata wagonjwa na watabibu kiholela ni haramu, na kwamba huduma ya utoaji mimba ni haki ya msingi. Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, ikishikilia kwamba Katiba imekataza utoaji mimba na kuacha vighairi, na haikuufanya kuwa haki ya msingi.

Najua ukumbini humu wamo wanaofurahia uamuzi wa 2022 na wanaofurahia wa 2025, na wote ni watu wenye dini na huruma. Lakini kuna kitu ambacho hakuna hukumu iliyokifuta. Ibara ya 43 bado inasema mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Ibara ya 31 bado inalinda siri zake. Msichana anayetokwa na damu hawezi kumwonyesha mkunga hati kwamba mimba imetoka yenyewe au imetolewa. Mara nyingi dalili ni zilezile, na tiba ni ileile. Mkunga anayetazama dirishani kama polisi wamefika atachelewa, au atamwambia aende kwingine. Na binti anayejua kwamba kitanda cha kliniki kinaweza kugeuka kizimba atabaki chumbani kwake na khanga zilizolowa, akimwambia mamake ni hedhi tu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara ya utoaji mimba. Hao ni waliofika. Nasema kwa moyo wangu wote: polisi asivuke kizingiti cha chumba cha matibabu. Akiwa na shaka, angoje nje, apate amri ya mahakama, amwache tabibu amalize kushona. Hilo linaweza kukubaliwa na mtu anayepinga utoaji mimba kwa nguvu zake zote, kwa sababu naye ana binti, na binti huyo anaweza kuharibikiwa na mimba aliyoitaka.

Mambo ya kufanya ni madogo kuliko yanavyoonekana. Bunge linaweza kuandika kifungu kimoja katika Sheria ya Afya kinachosema kwamba kumzuilia mgonjwa aliyepewa ruhusa, au mwili wa marehemu, kwa ajili ya deni ni kosa la jinai, na kumtaja atakayeshtakiwa: msimamizi mkuu, wala si bawabu. Hospitali zina ofisi za ustawi wa jamii zinazoshughulikia msamaha wa malipo. Nyingi hufungwa Ijumaa jioni, na watoto hawazaliwi kwa saa za ofisi. Ziwe na mtu wikendi. Utaratibu wa msamaha ubandikwe ukutani wodini kwa Kiswahili, pale mama anapoweza kuusoma akiwa amelala, badala ya kufichwa ndani ya faili.

Na bima yetu mpya itazamwe kwa jicho kali. Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, na Linda Mama imeingizwa humo. Asiye na mshahara huchangia kulingana na kipato cha nyumba yake, angalau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa muuza mahamri si pesa ya kuitoa asubuhi moja. Mwanamke akifika leba saa sita za usiku na mchango wake haujakamilika, mtambo ukasema hayumo, tumerudi palepale Pumwani mwaka 2010, ila safari hii kijikaratasi kimehamia kwenye skrini.

Wakunga mlioko hapa, nina neno nanyi. Mama akipewa ruhusa na daktari, mwandikie kwenye faili saa na tarehe, kwa maandishi yanayosomeka. Saa hiyo ndiyo ushahidi. Kila dakika inayofuata hadi atakapovuka lango inaweza kuhesabiwa mbele ya jaji, na mawakili wake wataanza kuhesabu kutoka kwenye mstari ule mlioandika nyinyi. Mama naye ajue kumwambia bawabu, kwa adabu: baba, daktari kanipa ruhusa, deni langu nitadaiwa nyumbani. Kama hakufunguliwa, ndugu aliye nje apige simu kwa FIDA, kwa Tume ya Haki za Binadamu, kwa chama cha wanasheria wa eneo lake, siku hiyohiyo, asingoje Jumatatu.

Wifi yangu alikihifadhi kile kijikaratasi. Kimo ndani ya bati la biskuti pamoja na kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa, wino umefifia lakini husomeka. Mtoto aliyeandikwa "mtoto 1" sasa ana mimba yake ya kwanza, miezi minne. Wiki iliyopita mamake alimtolea kile kikaratasi, akamwuliza kama amekwisha jiandikisha SHA na kama mchango wa mwaka umelipwa. Hajamaliza kulipa. Kliniki yake ya kwanza ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, na ameniomba, shangazi yake, niende naye.